Mpe Jirani Pingili, Msubiri Mbayuwayu: Bustani Kama Darasa la Misimu Minne

Wasomaji wenzangu, bumu likiingia tunazungumzia chakula, nauli na bando. Makala hii inahusu vitu viwili ambavyo havihitaji bumu kabisa: mche wa kuomba kwa jirani, na ndege anayekuja mwenyewe bila kualikwa. Nasoma ualimu, masomo yangu ni Biolojia na Jiografia, na kwetu ni Same. Nataka kuonyesha jinsi bustani ndogo, iwe ya shule au ya nyuma ya nyumba, inavyoweza kufundisha misimu, uchavushaji, uhamaji wa ndege na magonjwa ya mimea bila maabara na bila bajeti. Mifano nimeitoa Same na Milima ya Pare kwa sababu huko ndiko ninakokujua. Wewe ukipangiwa Tabora, Pemba au Njombe utabadilisha majina tu, mbinu itabaki ile ile.

Kwa nini tujali

Mwaka jana nilifanya mafunzo kwa vitendo katika shule moja ya sekondari upande wa tambarare. Bustani ilikuwepo, tena kubwa tu. Shida ni kwamba ilikuwa bustani ya adhabu. Umechelewa namba? Ndoo mbili. Umeongea lugha ya nyumbani? Ndoo nne. Matokeo yake unaweza kuyakisia. Watoto waliimwagilia kwa hasira, wengine walimwaga maji njiani, na hakuna aliyeinua kichwa kuangalia nini kinatua kwenye maua.

Sasa watoto hao hao, ukitoka nao nje ya geti, wanajua ndege kuliko mimi mwenye desa la kurasa mia mbili. Nilipouliza darasani kwa Kiingereza watutajie ndege wa eneo lao, kimya. Niliporuhusu Chasu na Kiswahili, ubao ulijaa hadi nikaanza kuandika pembeni. Mmoja alijua ndege gani hulia kabla ya mvua. Mwingine alijua nani anakula mapapai na nani anasingiziwa tu. Elimu ipo, ila imekosa mlango wa kuingilia darasani.

Na kinachoweza kupotea si majina tu. Katika milima yetu kuna ndege mdogo ambaye haishi mahali pengine popote duniani: kinengenenge wa Pare Kusini. Mgongo wake ni wa kijani, koo ni la njano, na jicho limezungukwa na duara pana jeupe kama miwani. Kisayansi anaitwa Zosterops winifredae, jina lililotolewa kwa heshima ya Winifred Moreau, mke wa mtaalamu wa ndege Reginald Moreau aliyefanya kazi Amani, Tanga, enzi za ukoloni wa Mwingereza. Makazi yake ni msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye urefu wa karibu mita 2,460. Mtoto anayeuona mlima huo kila asubuhi anaweza kumaliza kidato cha nne bila kusikia hata mara moja kwamba juu pale kuna kiumbe ambacho dunia nzima haina. Msitu ukiisha, hakuna pa kwenda kumwazima mwingine. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika.

Same juu na Same chini

Kwanza tuelewe eneo. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukifika Milima ya Pare hulazimika kupanda, hewa hupoa, na mvua hunyesha zaidi upande wa mashariki na kwenye vilele. Mji wa Same uko nyuma ya milima, upande wa magharibi, kwa hiyo hupata mabaki: kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Ukipanda juu, mvua hupita milimita 1,000. Ndiyo maana ndani ya wilaya moja unakuta mibuyu na miiba karibu na Hifadhi ya Mkomazi, halafu unapanda gari unakuta migomba, kahawa, maparachichi na tangawizi ya Mamba Myamba.

Wapare wamezoea kuishi na tofauti hii. Familia nyingi zina mguu mmoja juu na mwingine chini. Wazee walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito usiku na kuyaachia mashambani mchana kwa zamu. Walitunza pia misitu ya ukoo ambayo haikatwi ovyo. Kwa hiyo wazo la kugawana, iwe maji au mbegu, si geni kwetu. Bibi yangu husema mche wa kumnunulia jirani si mche wa ujirani. Kwake, ukija kuomba chipukizi la mgomba unapewa, lakini msimu ujao anategemea uje na kitu: mbegu za maboga, kipande cha mlonge, chochote ambacho yeye hana.

Misimu minne, wageni tofauti

Tunayo bahati kwamba Kiswahili kina majina manne ya misimu yanayotosha kabisa kwa somo hili.

Vuli, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Mvua za kwanza zikigonga ardhi, kumbikumbi hutoka, na angani kunakuwa na sherehe. Hapa ndipo mbayuwayu wa Ulaya na Asia wanapoonekana kwa wingi. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi, yaani mwepesi kuliko betri mbili za rimoti, na amevuka jangwa la Sahara kwa mabawa yake. Pamoja naye huja keremkerem wa Ulaya, korongo weupe na ndege wengi wadogo wa rangi ya majani makavu ambao hata sisi wa Biolojia tunawachanganya. Kuna pia kozi wa Amur. Huyu hutaga mayai mashariki mwa Asia, kaskazini mwa China na Siberia, kisha huvuka Bahari ya Hindi na kupita Afrika Mashariki akielekea kusini mwa Afrika. Ukiona kozi wengi wadogo wamekaa kwenye waya au wanazunguka juu ya kumbikumbi mwezi wa 12, hebu simamisha somo uwatoe watoto nje.

Si lazima waamini maneno yako tu. Ng'ambo ya mpaka, Mkomazi inapopakana na Tsavo, kuna sehemu iitwayo Ngulia, upande wa Kenya. Tangu 1969 wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanyika pale kila mwisho wa mwaka. Usiku wenye ukungu, taa za hoteli huwavuta ndege wanaosafiri gizani. Wananaswa kwa nyavu laini, wanavishwa pete ndogo ya chuma yenye namba mguuni, wanaachiwa. Maelfu kwa maelfu wamevishwa pete, na baadhi ya pete hizo zimepatikana tena Ulaya na Mashariki ya Kati. Kwa hiyo ndege anayeruka juu ya Same mwezi wa 11 anaweza kuwa na namba yake ya usajili kama wewe.

Vuli ndio wakati minana nao hujenga. Dume huchana majani ya mgomba nyuzi nyuzi, husuka kiota, kisha huning'inia chini yake akipiga mabawa ili jike aje kukagua. Jike akikataa na kiota kikaanza kukauka, dume hukibomoa na kuanza upya. Wale mnaotafuta geto karibu na chuo mtamwonea huruma.

Kiangazi, Januari na Februari. Jua kali, matunda ya vuli yanamalizika. Shorwe na kuzumburu huhamia kwenye mapapai, na hapa ndipo ugomvi wa binadamu na ndege unapopamba moto. Shorwe ni yule mweusi kichwani anayeimba alfajiri. Kuzumburu ni yule wa kijivu-kahawia mwenye mkia mrefu anayetambaa matawini kama panya. Wote hawa hula matunda na kupanda mbegu kwa kinyesi. Mpera uliouota mwenyewe kwenye kona ya uwanja una baba na mama, ila aliyeuleta ni shorwe.

Masika, Machi hadi Mei. Wageni wa kaskazini wanaaga. Utaona mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya za umeme kama wasafiri wa stendi, halafu siku moja hawapo. Huu ndio msimu mkuu wa kugawana miche, kwa sababu ardhi ina maji na mche hauhitaji ndoo. Ila kwenye mashamba ya mpunga, kama ya Ndungu, nafaka inapokaribia kukomaa huwepo hofu ya kwelea kwelea. Ndege mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Piga hesabu na wanafunzi: kundi la ndege milioni 1 litakula tani ngapi kwa siku? Jibu ni tani 10. Usiwafundishe watoto wa mkulima kwamba kila ndege ni rafiki. Watakushangaa, na watakuwa na haki.

Kipupwe, Juni hadi Agosti. Baridi, ukavu, ukungu milimani. Tambarare panaonekana pamekufa, kumbe ndipo mshubiri unapochanua mashina yake mekundu na ya machungwa, na mwamba-ngoma unaweka maua mekundu juu ya matawi yasiyo na jani hata moja. Hawa ni wenyeji wa chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kwenye milima ya Tao la Mashariki, ambayo Pare ni sehemu yake, baadhi ya ndege wa msituni hushuka kwenye misitu ya chini wakati wa baridi na kupanda tena joto likirudi. Safari zao si za kuvuka bara, ni za kushuka na kupanda mlima, kama binamu zetu wa Mbaga wanaoshuka mjini.

Angalia hapo: wengi wetu huenda mafunzo kwa vitendo kati ya Julai na Septemba. Yaani tunakutana na kipupwe. Usiseme "hakuna cha kufundishia, kila kitu kimekauka." Tafuta mshubiri.

Somo la chozi

Kwenye ile shule, karibu na ofisi ya walimu kulikuwa na mishubiri mitano na uzio wa haibiskasi nyekundu. Kidato cha pili walikuwa kwenye mada ya uchavushaji. Niliwagawa wanne wanne, kila kundi likapewa ua moja la kuliangalia kwa dakika 20 na maswali matatu: nani amekuja, ameingilia wapi, ameondoka na nini mwilini?

Kwenye mshubiri mambo yalikwenda kama kitabu. Chozi aliingiza mdomo mbele ya ua, akatoka na unga wa njano usoni, akahamia ua jingine. Kwenye haibiskasi, msichana mmoja akasema: "Mwalimu, huyu hapiti mlangoni. Anatoboa ukuta." Kweli, chozi alikuwa anatoboa ua kwa chini, ubavuni, ananyonya nekta bila kugusa chavua. Wataalamu huita tabia hiyo wizi wa nekta, na inajulikana sana kwa chozi kwenye maua yenye bomba refu. Darasa likalipuka. Je, huyu ni mchavushaji au mwizi? Mjadala ulichukua nusu ya kipindi cha pili, na walibishana kwa Kiswahili, Chasu na Kiingereza cha kuungaunga. Walikubaliana hivi: ndege mmoja anaweza kuwa mfanyakazi kwenye ua hili na mwizi kwenye ua lile, inategemea umbo la ua. Hiyo ndiyo maana ya muundo kuendana na kazi, sentensi ambayo ningeiandika ubaoni mara kumi isingekaa kichwani.

Wiki iliyofuata kuna vijana watatu waliokuja wenyewe na ndoo, bila kuadhibiwa. Sisemi shule nzima ilibadilika. Watatu tu. Lakini mmoja wao alikuwa maarufu kwa manati.

Kugawana mimea kwa akili

Sasa tuje kwenye miche. Mimea mingi rahisi kugawana haipitii mbegu. Muhogo na mlonge unakata pingili, mgomba unang'oa chipukizi, mshubiri unatenga watoto wanaoota pembeni ya mama, viazi vitamu unakata marando. Kisayansi, unachompa jirani ni mmea ule ule, kopi kamili. Kama mama alikuwa mtamu, mtoto ni mtamu. Kama mama alikuwa mgonjwa, umegawa ugonjwa.

Hili si jambo la kufikirika kwa watu wa kwetu. Batobato ya muhogo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza 1894, katika eneo la Usambara, majirani zetu wa milima. Michirizi ya kahawia ilielezwa na H. H. Storey wa Amani mwaka 1936. Magonjwa yote mawili husambazwa na nzi weupe, na pia na sisi wenyewe kwa kupeana pingili. Michirizi ya kahawia ni mbaya zaidi kwa sababu shina linaweza kuonekana zuri, halafu ukichimba mzizi umeoza ndani. Upande wa migomba, mnyauko unaosababishwa na bakteria, ambao umewasumbua sana wakulima wa Kagera, husafiri na machipukizi na panga lisilosafishwa. Kwa hiyo kabla ya kugawana:

1. Chukua pingili kwenye mmea uliouangalia msimu mzima, si ule uliouona leo kwa mara ya kwanza. Majani yenye mabaka ya njano au yaliyojikunja, acha.
2. Pitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine.
3. Panda mgeni pembeni, mbali na wenyeji, hadi atoe majani mapya yenye afya.
4. Uliza mmea umetoka juu au chini. Kahawa na tangawizi kutoka milimani zitateseka Same mjini. Mshubiri, mlonge na mwarobaini vitakushukuru.
5. Andika umepewa na nani, lini. Ukipata tatizo utajua pa kumtahadharisha.

La sita ni kuhusu ndege. Usipande mmea mgeni wenye matunda madogo matamu bila kuuliza, kwa sababu ndege hawaheshimu uzio. Lantana ililetwa kama pambo. Leo ndege wameisambaza hadi imekuwa kero sehemu nyingi za nchi. Kule Amani, mti wa Maesopsis eminii uliletwa na kupandwa karne iliyopita, hondohondo wakapenda matunda yake, na ukaingia ndani ya msitu wa asili. Kumbuka tuna msitu wenye ndege asiye na kwao kwingine. Bustani ya shule iliyo chini ya Chome si kisiwa.

Kuna upande wa furaha pia. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alimtumia baba yake Ujerumani mmea mdogo wenye maua ya zambarau. Mwaka uliofuata ukapewa jina la kisayansi la Saintpaulia, na leo uko madirishani Ulaya na Marekani, wenyewe wakiuita urujuani wa Afrika. Zawadi ya mtoto kwa baba ikawa biashara ya dunia. Waulize wanafunzi: wenye msitu walipata nini? Hilo ni somo la Uraia ndani ya Biolojia.

Kalenda ya bustani

Hiki ndicho kifaa chenyewe. Chukua daftari kubwa, chora safu sita: tarehe, hali ya hewa, mmea unaochanua au kuzaa, ndege aliyeonekana, anafanya nini, na jina lake kwa lugha ya nyumbani. Safu ya mwisho usiiache; ndiyo inayomleta bibi na babu darasani, maana mtoto atalazimika kwenda kuuliza. Majina yatatofautiana kata hadi kata, na hiyo nayo ni taarifa.

Mfano wa mstari mmoja: tarehe 14 Julai, asubuhi baridi na mawingu, mshubiri umechanua, chozi dume mmoja, anafukuza chozi wengine, jina la nyumbani limeletwa na mwanafunzi wa Vudee.

Zamu ya kuandika iwe heshima, si adhabu. Weka pia sahani pana ya maji yenye kina cha vidole viwili na jiwe katikati. Maji yaliyooshea mboga yanatosha, yabadilishwe kila siku. Kiangazi sahani hiyo itakuletea ndege wengi kuliko maua. Ukiondoka baada ya wiki zako chache, daftari libaki kwa mwalimu wa somo. Mwaka mmoja wa kumbukumbu unaonyesha misimu. Miaka mitano inaanza kuonyesha kama vuli inachelewa na kama wageni wanapungua, na hapo watoto wa kidato cha pili watakuwa na takwimu zao wenyewe za kujadili mabadiliko ya tabianchi.

Maswali ya kujadili hosteli

1. Kwenye eneo la chuo chetu, ni mimea gani inachanua mwezi huu, na nani anaitembelea? Ametokea mlangoni au ametoboa ukuta?
2. Mkulima wa mpunga na mpenda ndege wamekaa meza moja. Andika sheria tatu ambazo wote wawili wanaweza kuzisaini.
3. Shule uliyosoma, bustani ilikuwa ya nini: ya chakula, ya mgeni rasmi, au ya adhabu? Ungeibadilishaje ukiwa mwalimu wa zamu?

Mwenye mshubiri wa ziada anitafute. Mimi nina pingili za mlonge, zimekaguliwa.